Asilimia Mbili Zao

Katika makanisa yetu sadaka huhesabiwa mbele ya mashahidi. Hatutiliani shaka, tumejifunza kwa Mtume Paulo. Alipopeleka changizo kwa watakatifu wa Yerusalemu, alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asiwepo wa kumlaumu. Kwa mizani hiyo, sisi wa Lupepo na tuitazame historia ya fungu ambalo sheria imewapa ndugu zetu wenye ulemavu.

Kwa miaka mingi halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 5 kwa wanawake, 5 kwa vijana. Mwenye ulemavu hakuwa na fungu lake, ingawa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Mwaka 2018 Bunge liliongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Mgawanyo ukawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, yote mikopo isiyo na riba. Kanuni zikatoka mwaka 2019, na baadaye zikapunguza idadi ya watu wanaotakiwa katika kikundi. Hilo lilikuwa jema, kwa maana kijijini wenye ulemavu ni wachache na wanakaa mbalimbali.

Fungu hili hupanda na kushuka na makusanyo. Halmashauri ikitenga kutoka shilingi bilioni 1, asilimia 2 ni milioni 20. Ushuru wa mazao ukipungua, nalo linapungua.

Kisha Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo yote, baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Mlango ulifungwa kwa wote, hata kwa aliyerejesha kila shilingi. Mwaka 2024 utaratibu mpya ulitangazwa, na halmashauri 10 zikachaguliwa kwa majaribio ya kukopesha kupitia benki.

Ndugu msomaji, historia hii fupi inatufundisha kwamba aliyeunda kikundi hewa hakuiibia Serikali pekee. Alimfungia njia kiziwi mwenye cherehani na mama asiyetembea anayefuga ng'ombe wa maziwa.

Basi kazi ya kanisa ni ipi? Kanuni zikibadilika, tangazo lisomwe ibadani, na kwa kiziwi liandikwe au lifasiriwe kwa alama. Asiyeona asomewe kila ukurasa wa mkataba kabla ya kutia dole gumba. Wahasibu tulio nao kanisani wakisaidie kikundi kutunza daftari, lakini daftari libaki mikononi mwa kikundi. Na mfuko wetu wa huduma usiwekwe mahali pa haki yao. Uwe wa kumvusha mtu siku ambazo mlango wa halmashauri umefungwa.

Sadaka tunatoa kwa upendo. Asilimia 2 ni zao kwa sheria. Tuvilinde vyote viwili, wala tusiwaombee huruma pale wanapostahili haki.