Kahawa Chini ya Migomba

Makundi ya watembezi yanayotoka Moshi mjini asubuhi kwenda Materuni, katika eneo la Uru, huwa na hamu ya kufika kwenye maporomoko ya maji. Njia inapanda kati ya vihamba, mashamba ya Wachagga ambamo nyumba, migomba, mibuni na zizi la ng'ombe hukaa pamoja. Huko mgeni anaweza kutembea kwa muda mrefu akisubiri kuonyeshwa shamba la kahawa, kumbe yumo ndani yake.

Kahawa ya Kilimanjaro ilikuja ikakuta kihamba kimeshakamilika. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika mwaka 1848, Wachagga walikuwa wakila ndizi na kumwagilia mimea yao kwa mifongo, mifereji inayoteremsha maji kutoka kwenye vijito vya juu. Mwishoni mwa karne ya 19, mapadri wa Roho Mtakatifu walipanda arabika katika misheni yao ya Kilema, na baadhi ya wamangi, yaani machifu, wakawa miongoni mwa Wachagga wa kwanza kuilima. Kivuli cha migomba kilikuwepo, samadi ilikuwepo, maji ya mfongo yalikuwepo. Familia haikulazimika kufyeka shamba jipya. Ilipenyeza mbuni mahali palipokuwa na nafasi.

Jambo hilo liliwaudhi walowezi wa Kizungu.

Mchagga mwenye kahawa yake hakuwa na sababu kubwa ya kwenda kufanya kibarua kwenye mashamba yao. Walilalamika pia kwamba mibuni ya wenyeji ingeeneza wadudu na magonjwa. Katika nchi jirani ya Kenya, hoja kama hizo zilisaidia kuwazuia Waafrika kulima arabika hadi miaka ya 1930. Kilimanjaro mambo yalikwenda tofauti. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza wa wilaya ya Moshi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliwahimiza wenyeji kupanda, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Chama kilishughulikia dawa za wadudu na mauzo, na kikawa sauti ya wakulima mbele ya walowezi.

Sheria ya ushirika ya mwaka 1932 ilifungua njia ya Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU), iliyochukua nafasi ya chama hicho mwaka 1933. Hata hivyo, ushirika haukupendwa na wote. Mwaka 1937, bei ikiwa duni, wakulima wa sehemu kadhaa za mlima walizusha ghasia kupinga kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia KNCU pekee.

Leo, baada ya maporomoko, watembezi huketi kwenye kihamba, wakatwanga kahawa kinuni, wakaikaanga motoni na kuinywa kwa nyimbo na vigelegele. Hiyo ni burudani iliyopangwa kwa ajili ya mgeni. Kwa vizazi kadhaa, mkulima alimenya buni mbivu, akazichachusha, akaziosha na kuzianika, kisha akapeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi. Ilikobolewa kiwandani Moshi, ikauzwa mnadani, ikasafirishwa ng'ambo. Nyumbani kwake mara nyingi kilichonywewa ni mbege, pombe ya ndizi, au chai. Kahawa ilikuwa karo ya shule na bati la nyumba.

Mapato hayo yalianza kuyumba. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuvirejesha katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ulivunjika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Ugonjwa wa chulebuni nao ulikuwa ukiozesha matunda mtini, na dawa zake zilikuwa ghali. Baadhi ya wakulima walizeekewa na mibuni bila kuipanda upya, wengine wakaing'oa na kuweka ndizi na mboga.

Ndipo utalii wa miguu ulipopata nafasi. KNCU yenyewe ilianzisha mradi wa Kahawa Shamba huko Lyamungo ili wakulima wapokee wageni vihambani mwao. Lyamungo hiyo hiyo kuna TaCRI, taasisi ya utafiti inayozalisha miche ya arabika inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Mwenye kihamba sasa ana malipo ya aina mbili ya kulinganisha: anayopewa na watembezi papo hapo kwa kahawa waliyoitwanga wenyewe, na yale ya mnadani, ambayo huyasubiri baada ya msimu.