Kina cha Ulimaji katika Nchi ya Kitale na Bungoma

Katika nchi iliyo baina ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, ambako mto Nzoia na vijito vyake huipitia ardhi ya Kitale kabla ya kuteremka kuelekea Bungoma, mkulima wa kila zama amelazimika kukata shauri moja kabla ya kutia mbegu yake ardhini, nalo ni kadiri gani ya udongo imstahiliyo kuipindua. Shauri hilo laonekana dogo mbele ya habari za mvua, mbolea na bei ya mahindi. Walakini atakayeichungua tarikhi ya ukulima wa huko ataona kwamba kila chombo kipya kilipoingia kilibadili mambo mawili kwa pamoja: kina cha ulimaji, na mtu mwenye mamlaka ya kukikadiria.

Wabukusu wa zamani, wenyeji wa Bungoma, walikuwa wakulima wa wimbi na mtama, na majembe yao yalifuliwa na wahunzi wa kwao na wa nchi jirani, hasa Wasamia, ambao vilima vyao vilikuwa na mawe ya chuma na ambao majembe yao yalisafiri mbali kwa biashara na kwa mahari. Punje ya wimbi ni ndogo mno, haihitaji kuzikwa. Yahitaji udongo laini wa juu uliosafishwa magugu, na kwa hiyo jembe aghalabu lilishuka kiasi cha nusu shibiri tu, ila palipokuwa na mizizi ya kung'olewa. Aliyelima ndiye aliyepanda, ndiye aliyepalilia, na ndiye aliyekula. Jembe likigota mahali pagumu, au udongo ukigeuka rangi, hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba amefika penye kukoma.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mashamba mapana ya Trans Nzoia, ndiyo nchi ya Kitale, yaligawiwa walowezi, baadhi yao askari waliopewa ardhi kwa mpango wa mwaka 1919, na tawi la reli lilipofika Kitale mwaka 1926 mahindi ya huko yalipata njia ya kwenda pwani. Plau zilikokotwa na misururu mirefu ya maksai, na Wabukusu waliokwenda kule kufanya kazi na kukaa kama maskwota walijifunza sanaa ya kuwaongoza wanyama hao, wakarudi nayo Bungoma, ambako Wakweka wa misheni iliyoanzia Kaimosi mwaka 1902 nao walikuwa wakiihimiza. Kina cha plau hiyo kilirekebishwa kwa gurudumu dogo la mbele na kwa tundu la kufungia mnyororo: mnyororo ukipandishwa, ncha huzama, ukishushwa, ncha huibuka. Walakini kadhi wa mwisho alikuwa maksai mwenyewe, maadamu plau ilipozama kupita nguvu zake alisimama, na hapakuwa na fimbo iliyoweza kuibatili hukumu hiyo kwa siku nzima.

Trekta ndiyo iliyoiondoa hukumu hiyo. Mwaka 1946 Harry Ferguson alianza kuunda huko Coventry, Uingereza, trekta ndogo ya TE20, ambayo haidroliki yake ilishika plau kwa mikono mitatu na kuupima ukinzani wa udongo, hata plau ikizama mno ikainuliwa kidogo pasipo dereva kugusa kitu. Uhuru ulipofika, na mashamba mengi ya walowezi yakagawanywa, na mbegu chotara ya H611 ikatolewa Kitale mwaka 1964, trekta na mbegu hiyo viliingia mikononi mwa watu wengi katika zama moja. Nako Bungoma kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoasisiwa mwaka 1975, kilizidisha haja ya ulimaji wa kina, kwa kuwa muwa hukaa ardhini miaka kadhaa kwa mizizi ileile.

Rotaveta, chombo cha visu vinavyozunguka kinachofungwa nyuma ya trekta, ina nasaba nyingine. Arthur Clifford Howard aliijaribu huko Gilgandra, Australia, mwaka 1912, akaanzisha kampuni yake mwaka 1922, kisha akahamia Uingereza mwaka 1938. Tabia yake ni kinyume cha plau: plau huirudisha trekta nyuma, na ukinzani huo ndio uliosomwa na mashine ya Ferguson, ilhali visu vya rotaveta vyazungushwa na injini, navyo huisukuma trekta mbele, hata mashine ikakosa cha kusoma. Ndiyo maana kina cha rotaveta hakina budi kuwekwa kwa mkono wa mtu: kwa viatu viwili vya chuma vinavyoteleza juu ya ardhi, kimoja kila ubavu, ambavyo vikipandishwa visu huzama, na ni sharti vifungwe katika matundu yaliyo sawa, kwa mkono wa juu unaoisawazisha mashine isiiname, na kwa wenzo wa haidroliki unaoshika urefu mmoja pasipo kuangalia ukinzani. Kisha dereva huenda hatua chache, huzima shafti inayozungusha visu, hufukua udongo hadi penye sakafu ngumu, na kupima kwa rula upande wa kulia na wa kushoto. Sentimita 10 hadi 15 zatosha kwa mahindi, ambayo mbegu yake hupandwa kiasi cha sentimita 5.

Kazi hiyo haichukui wasaa mrefu, lakini aghalabu hairudiwi shambani mwa mtu mwingine, kwa sababu wenye trekta za kukodi hulipwa kwa ekari. Anayelipwa kwa ekari hupata faida katika mwendo, na mwendo huo huparuza ardhi ya juu. Au huacha viatu palepale mwaka baada ya mwaka, hata chini ya visu pakafanyika tabaka gumu lisilopitisha maji wala mizizi. Au huupitia udongo mara mbili ukawa vumbi, na mvua za Aprili zikauchukua kutoka miteremko ya Elgon hadi mtoni. Hasara zote tatu humfikia mwenye shamba, ambaye hakuwako juu ya trekta, wala hakuulizwa.

Jembe lilimpa mkulima mamlaka ya kina, maksai wakagawana naye, na trekta ikamkabidhi mtu wa ijara. Ni haki ya mkulima kuyadai tena, na njia ni nyepesi: mapatano yataje kina pamoja na bei ya ekari, rula ichomekwe ardhini katika mstari wa kwanza kabla ya wa pili kuanza, kina kibadilishwe msimu hata msimu, na kila baada ya miaka michache, ardhi ikiwa kavu, lile tabaka gumu lipasuliwe kwa chombo cha kuchanja. Mwenye shamba asiyejua shamba lake limelimwa kina gani amelipia kelele za injini, na hajalipia ulimaji.