Uhuru Iliyorushwa Malindi

Nafundisha fizikia hapa Tarime, na wanafunzi wangu hudhani kwamba usiku usio na mawingu huonyesha kila kitu. Kiangazi, ukiwa upande wa Mugumu, nyota zinajaa mpaka upeo wa macho. Lakini mvuke hewani, ukiwemo ule wa Ziwa Victoria unaotuletea mvua za alasiri, hunyonya karibu miale yote ya infraredi ya mbali: joto hafifu la mavumbi ambamo nyota huzaliwa. Anayeitaka miale hiyo sharti apande juu ya hewa.

Safari za huko juu zina sura yetu pia. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, ikiwa na satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, basi satelaiti ikaitwa Uhuru. Mradi ulisimamiwa na Marjorie Townsend wa kituo cha Goddard cha NASA. Walichofuata Malindi ni ikweta: pale mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi, na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Nobeli mwaka 2002. (Sirari ni jirani yetu, na ng'ambo yake ni Kenya, lakini darasani Cape Canaveral inajulikana kuliko Malindi.)

Tukirudi kwenye infraredi ya mbali, nayo ina ugumu wake. Mawimbi yake ni marefu, hivyo hudai kioo kipana mno. Herschel, darubini ya Ulaya iliyorushwa 2009, ilikuwa na kioo cha mita 3.5, na bado haikutenganisha vitu vilivyosongamana. Dawa yake ilijulikana zamani: vioo vilivyoachana vifanye kazi kama kioo kimoja kipana. Mwaka 1920, huko Mount Wilson, Albert Michelson na Francis Pease walifunga vioo kwenye boriti ya mita 6, wakaunganisha miale yake, wakapima upana wa Betelgeuse, nyota nyekundu inayopita karibu na utosi wetu usiku wa Desemba. Hiyo ndiyo intaferomita.

Goddard ile ile, kupitia David Leisawitz na wenzake, ilisanifu SPIRIT, intaferomita ya angani: darubini mbili za mita 1 zinazosogea kwenye mkono wa mita 36, zikiwa zimepozwa mno, kwani darubini yenye joto hutoa miale ile ile inayotafutwa. Haijajengwa.

Walimu wenzangu wa Mara, mada ya mawimbi ikifika, anzeni na Malindi.