Sayari 2,048 ndani ya kilobaiti 32

Simu ikijaa tunaanza kufuta. Tufute picha ya harusi au sauti ya marehemu? Wengi wetu hapa kambini tumeshakaa na swali hilo, kidole juu ya kioo. Basi leo niwasimulie vijana wawili waliokuwa na nafasi ndogo kuliko ya simu zetu, na bado wakatia nyota humo.

David Braben na Ian Bell walikuwa wanafunzi wa Jesus College, Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kompyuta yao ilikuwa BBC Micro, ya nyumbani, unaichomeka kwenye televisheni. Memori yake yote ni kilobaiti 32, na skrini nayo inakula humohumo. Picha moja ya simu ya siku hizi haiingii.

Michezo ya anga ya wakati ule ilikuwa ya kufyatua tu. Adui anashuka, unapiga, maisha matatu yakiisha unaanza upya. Wao wakataka kingine: rubani mmoja, chombo kimoja, krediti 100 mfukoni. Unanunua chakula sayari hii, unauza ile, na maharamia wakikukuta njiani, mnapigana. Mwisho hakuna. Walipoupeleka kwa kampuni ya Thorn EMI ukakataliwa, eti haufanani na mingine. Acornsoft wakaupokea, na Septemba 1984 ukatoka kwa jina la Elite.

Sasa, sayari 2,048 zilikaa wapi? Hazikukaa popote, bwana. Walihifadhi namba tatu tu za kuanzia. Mashine inazijumlisha, inapata namba nyingine, inajumlisha tena, na kutoka kwenye namba hizo inachota kila kitu: serikali ya sayari, uchumi wake, wanaoishi huko. Hata jina linaungwa kwa herufi mbilimbili: Lave, Diso, Zaonce. Mashine ingeweza kutoa magalaksi yasiyohesabika, ila walishauriwa wabakize manane, kila moja na sayari 256, mchezaji asije akagundua kwamba zinafanana. Inasemekana galaksi moja ilitupwa kwa sababu jina la sayari lilitokea kuwa tusi la Kiingereza.

Ukiondoka Lave, memori inaiachia kabisa. Ukirudi inakokotolewa upya kwa namba zilezile, na inatoka ileile: serikali ileile, watu walewale, hakuna kilichoguswa. Mimi nimerudi kijijini mara moja tu tangu tukimbie. Hata mwembe haukuwepo.

Kuna mambo ndani ya mchezo huu ambayo siyapendi. Kwenye orodha ya bidhaa, watumwa wamewekwa kati ya madini ya mionzi na pombe, na bei yao pembeni. Sheria ya mchezo inakataza, polisi watakufukuza, lakini sokoni unawakuta. Na rubani mwenyewe ana hadhi yake mbele ya sheria, inaandikwa kwenye skrini: ama ni msafi, ama mkosaji, ama mtoro. Sisi wa kwenye foleni za karatasi tunajua neno moja linavyoweza kukufuata kila unapotia nanga.

Baadaye Elite ulihamishiwa kompyuta nyingine nyingi. Katika toleo la ZX Spectrum, yenye kilobaiti 48, waliongeza kazi kadhaa, na mojawapo ni hii: unafika mahali ukifikiria biashara yako, mafuta, mzigo, bei. Unaambiwa jua la pale liko karibu kulipuka, na watu wanaomba uwabebe. Unaulizwa unakubali au hukubali. Sura zao huzioni, wala majina hawana.

Ukijibu ndiyo, wanaingia.