Nafasi Thelathini za Kipande

Mkata mkonge wa Tanga hakuwa na saa mkononi. Siku yake ilipimwa kwa mafungu. Majani 30 yalifanya fungu moja, na mafungu yalilazwa shambani yakisubiri kuhesabiwa na nyapara. Idadi ikitimia, siku iliwekewa alama kwenye kadi iliyoitwa kipande. Isipotimia, nafasi ilibaki wazi, hata kama mtu alishinda juani tangu alfajiri.

Kadi ilikuwa na nafasi 30, na ujira ulisubiri zijae. Ndiyo maana mwezi wa kipande ungeweza kuupita mwezi wa kalenda, na huo ulikuwa uonevu mkubwa.



Baadaye, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliipa Tanzania Bara hesabu nyingine ya kazi: saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, na ovataimu kulipwa mara moja na nusu. Saa za kazi ziandikwe. Mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha ni wake.