Kuta za Wainka: Nyundo, Kamba na Zamu

Mjini Cusco, nchini Peru, kuna kichochoro kiitwacho Hatun Rumiyoq. Jina hilo la Kikechua halimpi taabu mwanafunzi wa Kiswahili: hatun ni kubwa, rumi ni jiwe, na kiambishi tamati -yoq hufanya kazi ileile ya -enye yetu. Ni mahali penye jiwe kubwa. Jiwe lenyewe lina pembe 12, na zote zimeshikana na mawe jirani bila chokaa wala udongo. Februari 2025 mtu mmoja aliligonga kwa nyundo akalimegua.

Kuta za namna hii zilijengwa zaidi katika karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, kabla ya Wahispania kuingia Cusco mwaka 1533. Wainka hawakuwa na zana za chuma, wala magari ya magurudumu, wala mnyama wa kukokota. Llama hubeba mzigo mdogo tu. Basi ikasemwa kuwa ni kazi ya mashetani, na siku hizi husemwa ni ya viumbe wa sayari nyingine. Sisi tunaujua wimbo huo. Great Zimbabwe, iliyojengwa pia bila chokaa, ilipewa wajenzi wa kila taifa isipokuwa Waafrika.

Katika miaka ya 1980 msanifu majengo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Jean-Pierre Protzen, aliamua kujaribu mwenyewe. Katika machimbo ya Rumiqolqa, karibu na Cusco, aliokota mawe magumu ya mviringo yaliyotumiwa zamani kama nyundo. Kwa nyundo ya kilo 4 hivi aliligonga jiwe la volkano, akiiacha nyundo idunde yenyewe ili mkono usichoke. Nyuso tatu zilikamilika kwa dakika 90 hivi. Kwenye kingo alitumia nyundo ndogo, maana pigo zito lingezimegua. Ukitazama kuta za Cusco utaona alama hizohizo: makovu makubwa katikati ya jiwe, madogo pembeni.

Kuhusu kulinganisha mawe, Protzen alieleza kwamba mwashi alichonga sehemu ya juu ya mawe yaliyokwisha kulazwa ili ipokee umbo la jiwe linalofuata. Aliliweka jiwe, akaliinua, akatazama vumbi lilipogandamizwa, akagonga hapo tena. Kazi ya subira, si ya uchawi. Kwa majabali ya Sacsayhuamán, ambayo baadhi hukadiriwa kuzidi tani 100, wataalamu bado wanabishana, kwani jiwe la uzito huo haliinuliwi mara kumi.

Tusidhani kila ukuta ulikuwa hivyo. Nyumba za watu wa kawaida zilijengwa kwa mawe yasiyochongwa na udongo. Ufundi huu ulikuwa wa mahekalu na majumba ya wafalme.

Nani alivuta? Mwandishi wa Kihispania wa karne ya 16, Pedro Cieza de León, anataja watu 20,000 huko Sacsayhuamán: 4,000 wakivunja mawe, 6,000 wakiyakokota kwa kamba, waliobaki wakifanya kazi nyingine. Walikuja chini ya utaratibu ulioitwa mit'a, neno ambalo tafsiri yake nzuri kwa Kiswahili ni zamu. Haikuwa hiari. Huko Ollantaytambo mawe yalitoka Kachiqata, ng'ambo ya mto Urubamba, na mengine yamelala njiani hadi leo. Jiwe la namna hiyo wenyeji waliliita saykusqa, yaani lililochoka. Nadhani waliochoka walikuwa wengine.

Wahispania walijenga kanisa na nyumba ya watawa juu ya hekalu la Qorikancha. Tetemeko la mwaka 1950 liliangusha sehemu ya majengo hayo, na kuta za Wainka zilizofichwa ndani yake zikaonekana, zimesimama, zikiinamia ndani kidogo kama zilivyojengwa.