Walikufa Lini? Mzozo wa Mantiki ya Msuko Baada ya Hitimisho la Tamthilia ya Lost

Usiku wa tarehe 23 Mei 2010 kituo cha televisheni cha ABC nchini Marekani kilionesha sehemu ya mwisho ya Lost, tamthilia iliyoanza Septemba 2004 na kudumu kwa misimu 6. Watazamaji takriban milioni 13.5 waliifuatilia nchini humo. Mara ilipomalizika, waligawanyika juu ya swali moja: je, abiria wa ndege ya Oceanic 815 walinusurika kweli katika ajali iliyowatupa kisiwani, au walikuwa maiti tangu onyesho la kwanza? Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mzozo huo ni kwamba waliodai wahusika walikuwa wamekufa tangu mwanzo hawakutazama kwa makini. Makala hii inashikilia kinyume chake. Usomaji ule, ingawa ulikosea, ulitokana na kanuni ambazo tamthilia yenyewe ilikuwa imewafundisha watazamaji wake kwa miaka kadhaa.

Kanuni ya kwanza ilihusu wakati. Katika misimu 3 ya mwanzo, karibu kila sehemu ilichanganya maisha ya kisiwani na kisengerenyuma kilichofichua maisha ya mhusika mmoja kabla ya ajali. Mtazamaji alizoea kwamba tukio lolote la nje ya kisiwa ni la zamani. Kisha, mwishoni mwa msimu wa 3, Mei 2007, Jack akiwa na ndevu na majonzi alikutana na Kate usiku karibu na uwanja wa ndege, na kwa maneno machache ikabainika kwamba tuliyokuwa tukiyatazama yalikuwa kionambele: wawili hao walikwisha kuondoka kisiwani. Onyesho moja la mwisho liliwalazimisha watazamaji kuyasoma upya yote yaliyotangulia katika sehemu ile. Sidhani kwamba umuhimu wa tukio hilo umepewa uzito unaostahili. Tangu hapo, mtazamaji mwerevu wa Lost alikuwa ni yule anayengoja onyesho la mwisho limweleze alichokuwa akikitazama.

Msimu wa 6 ulirudia mbinu hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Ulianza kwa kuonesha ndege ileile ikitua salama Los Angeles, na kwa kuwa msimu wa 5 ulikuwa umemalizika kwa mlipuko wa bomu la haidrojeni mwaka 1977, watazamaji walikuwa na sababu ya kutosha kukisia kwamba mlipuko umezaa historia ya pili, sambamba na ile ya kisiwani. Kisio hilo lilikuwa la kimantiki, nalo lilivunjwa kanisani, dakika za mwisho kabisa. Hapo Jack anaelezwa na baba yake, Christian Shephard, ambaye naye ni marehemu, kwamba wote waliokusanyika wamekwisha kufa. Aliyefundishwa mwaka 2007 kwamba onyesho la mwisho hubadilisha jina la yote yaliyotangulia, na sasa akaambiwa neno “kufa”, alisogeza kanuni hatua moja kupita mpaka wake: badala ya kuitumia kwa ile historia ya pili pekee, aliitumia kwa kisiwa pia.

Kwamba alipita mpaka si jambo la kubishaniwa. Christian anasema bayana kuwa yaliyotokea yalikuwa ya kweli, na kwamba baadhi ya waliokuwamo walikufa kabla ya Jack na wengine muda mrefu baada yake. Ushahidi ulio imara zaidi, kwa maoni yangu, ni orodha ya waliohudhuria. Desmond alifika kisiwani kwa mashua. Juliet alikuwa akiishi huko kabla ya ajali. Penny hakuwahi kupanda ndege ile hata mara moja. Ikiwa mkusanyiko ule ni wa waliouawa na ajali, watatu hao hawana sababu ya kuwamo.

Kwa nini basi hoja nyepesi hivyo haikumaliza ubishi? Kwa sababu ya picha. Majina ya watayarishaji yalipokuwa yakipita, ABC ilionesha mabaki ya ndege yakiwa ufukweni, bila mtu hata mmoja. Wengi walizisoma picha hizo kama jibu la mwisho: hapakuwa na manusura. Siku chache baadaye kituo kilieleza kwamba ziliwekwa ili kumtoa mtazamaji taratibu kutoka katika hisia za hitimisho kuelekea taarifa ya habari, na hazikuwa sehemu ya kisa. Wanazuoni wa hadithi za Mtume wangesema kwamba matini ilipokewa bila kuchunguzwa isnadi. Lakini Lost ilikuwa imewazoeza watu wake kusimamisha picha na kusoma maandishi ya ukutani, ramani na tarakimu, na kamusi elezo ya mashabiki, Lostpedia, ilikuwa ikikusanya chembe hizo tangu 2005. Mtu hawezi kufundishwa kwamba hakuna picha isiyo na maana, kisha alaumiwe kwa kuipa maana picha ya mwisho.

Ukale wa tabia hii unajulikana. Mwaka 1911 Ronald Knox alisoma insha iliyozichambua hitilafu za visa vya Sherlock Holmes kwa taratibu za wahakiki wa maandiko matakatifu, kwa mzaha uliogeuka kuwa desturi. Jeraha la Watson, ambalo liko begani katika kitabu cha 1887 na mguuni katika kile cha 1890, bado linajadiliwa. Tofauti ni kwamba mashabiki wa Holmes walijua kuwa Conan Doyle hakujali. Watayarishaji wa Lost, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walijulikana kuwa wanajali. Mei 2007 tarehe ya mwisho ilitangazwa miaka 3 kabla, na wengi waliichukua kama ahadi kwamba njia ya kufika huko imekwisha kupangwa.

Hapa lugha yetu ina la kuchangia. Tangu msimu wa kwanza watazamaji walikisia kuwa kisiwa ni toharani, na watayarishaji walikanusha. Msimu wa 6 ulipoleta mahali pa wafu, wakanushaji walionekana wamedanganya. Kiswahili kinatenganisha toharani, panapobeba dhana ya utakaso, na barzakhi, kizuizi baina ya kifo na ufufuo. Mahali pa msimu wa 6, ambapo wafu hawaadhibiwi bali wanangojana, panakaribia zaidi la pili, ingawa hapalingani nalo kikamilifu. Tofauti hiyo haiwaondolei watayarishaji lawama yote: waliwaacha watu wafuate swali la chanzo na matokeo kwa msimu mzima, kisha wakalijibu kwa lugha ya maagano na msamaha.

Kiambatisho cha dakika 12 kilichotolewa na diski za mwaka huohuo, The New Man in Charge, kilirudi kwenye chanzo na matokeo. Kilionesha ghala la Guam lililokuwa likipeleka chakula kisiwani, na kikaeleza habari za wale dubu weupe. Juu ya kanisa hakikusema neno. Machi 2014, katika tamasha la PaleyFest, Lindelof na Cuse bado walikuwa wakieleza jukwaani kwamba wahusika hawakuwa wamekufa tangu mwanzo, na kwamba zile picha za ufukweni ndizo zilizouzidisha mkanganyiko.